Mkaguzi kutoka Kimilili

Khalayi alikuwa matroni wa bweni katika shule ya upili ya wavulana, nje kidogo ya mji wa Kimilili. Kazi hiyo ilimfundisha kunusa. Alijua harufu ya sigara iliyofichwa chini ya godoro, harufu ya shati lililorudishwa sandukuni bila kufuliwa, na pia, kama mwenyewe alivyopenda kusema, harufu ya uongo kabla haujatoka mdomoni. Wavulana walimwogopa, na baada ya kumaliza shule walirudi kumsalimia, wengine wakiwa na ndevu na watoto.

Kwa hiyo kaka yake Mukhwana alipotaka mtu wa kwenda Nairobi kumtazama kijana aliyeomba kumwoa binti yake Marion, hakuna aliyeuliza ni nani angetumwa.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Mirriam, dada mkubwa wa Marion, aliolewa bila mtu yeyote kutumwa popote. Mume alikuja nyumbani na suti ya kijivu, akaombea chakula kwa sauti ya upole, akawasaidia akina mama kuteremsha sufuria jikoni. Wote walimpenda. Mwaka uliofuata Mirriam alishuka kwenye bodaboda langoni mwa baba yake, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta na mwingine umeshika mfuko wa nguo. Hakurudi tena kwa mume wake, na Mukhwana akaapa kwamba hakuna binti mwingine wa nyumba ile angeolewa kabla mtu mzima hajaenda kumwona huyo mwanamume mahali anapoishi.

Ndipo Marion akatuma picha. Kijana mwenyewe, Bedan Wachira, alikuwa ameketi juu ya boneti ya gari jekundu lililoinama hadi likakaribia kugusa lami. Alivaa miwani nyeusi, kofia iliyogeuzwa nyuma, na suruali pana ya kutosha watu wawili. Nyuma yake kulikuwa na moshi mzito wa matairi. Simu ilizunguka sebuleni kutoka mkono hadi mkono.

"Huyu ni mwizi au mwanamuziki?" Mukhwana aliuliza.

"Anauza nguo," mama yake Marion akasema. "Ana duka huko Umoja. Watu wake ni wa Murang'a."

"Sijauliza watu wake ni wa wapi. Nauliza hayo matairi yanatoa moshi kwa nini."

Khalayi alimrudishia mama yake Marion simu, akasema ataenda shule zikifungwa.

Hakuwaambia kwamba alikuwa na hofu. Kukagua bweni ni rahisi, kwa sababu sanduku hufunguliwa ukaona kilichomo. Lakini mtu utamfungua vipi? Yule wa suti ya kijivu hata yeye Khalayi angempitisha, tena kwa alama za juu. Aliwaza hivyo njia nzima, na alipomkuta Marion akimsubiri kwenye kituo cha basi alimkumbatia kwa nguvu kuliko kawaida yake.

Marion alipanga chumba Donholm, karibu na duka la dawa alimofanya kazi. Jioni ile walikula ugali na mboga ya mrenda, kisha Khalayi akauliza swali alilolibeba kutoka nyumbani.

"Ukimkasirisha, huwa anafanya nini?"

Marion alikusanya sahani. "Sijawahi kumkasirisha, Shangazi."

"Kamwe?"

"Tunaelewana tu."

Marion alilisema kama jambo la kujivunia, lakini Khalayi hakufurahi. Mirriam naye aliwahi kusema maneno hayo hayo, wiki chache kabla ya harusi.

Jumapili Marion alikuwa na zamu dukani, na hivyo ndivyo Khalayi alivyotaka. Wachira alipewa kazi ya kumtembeza shangazi peke yake. Alifika amechelewa, gari likisikika kabla halijaonekana, na alipotoka ndani yake alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka kooni. Kola ilikuwa inambana. Mabega ya shati yalimwangukia karibu na viwiko.

"Habari ya asubuhi, Shangazi. Karibu Nairobi. Mwenyezi Mungu asifiwe."

Khalayi alimtazama kutoka juu hadi chini. "Hilo shati si lako."

Wachira aligusa kola. "Ni la rafiki yangu Ochola."

"Basi twende ukabadilishe. Nimekuja kukuona wewe. Nikimtaka Ochola nitamwita."

Kijana aliangua kicheko bila kutaka, kisha akakizuia haraka, akamfungulia mlango.

Gari lilikuwa Corolla ya zamani. Ndani lilikuwa safi sana, viti vimeshonewa kitambaa kipya chenye mistari. Khalayi alikaa chini kiasi kwamba magoti yake yalikaribia kidevu. Hawakuwa wamefika mbali Wachira alipopunguza mwendo na kusimama.

"Samahani, Shangazi. Hapa itabidi ushuke."

"Tumefika?"

"Hapana. Ni tuta. Tukiwa wawili gari litakwama."

Khalayi alishuka na gauni lake la kanisani, akalivuka tuta kwa miguu. Wachira alilipandisha gari kwa upande, gurudumu moja baada ya lingine, polepole kama mtu aliyebeba sufuria ya uji wa moto. Chuma kilikwaruza kidogo. Mama aliyeuza sukuma wiki kando ya njia hakugeuka hata kuangalia. Yeye alisema tu, "Leo umebeba mgeni, Wachira," akaendelea kukata mboga.

Walipofika tuta la tatu Khalayi alifungua mlango kabla hajaambiwa.

"Niambie," alisema aliporudi kitini. "Mtu mwenye akili timamu anashusha gari hivi kwa sababu gani?"

Wachira alipapasa usukani. "Kwa barabara ni shida, siwezi kukudanganya. Lakini likisimama... Umeliangalia likiwa limesimama?"

Khalayi alikuwa ameliangalia. Hakutaka kukiri, lakini lilikuwa limejilaza vizuri, kama paka kwenye jua.

"Na ule moshi wa kwenye picha? Baba yake Marion ananidai jibu."

Masikio ya kijana yalibadilika rangi. "Ule moshi haukuwa wangu. Kuna jamaa alikuwa nyuma yangu anachezesha gari lake. Langu haliwezi. Injini ni ndogo."

Duka lilikuwa mbele ya nyumba moja ya Umoja, pale ambapo zamani palikuwa na ua na maua, kabla mwenye nyumba hajajenga vyumba hadi ukingoni mwa barabara. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Wachira, cha pili cha Ochola, aliyeuza raba. Wachira aliingia nyuma ya pazia na kutoka akiwa na suruali yake pana na fulana kubwa ya kijani. Alionekana kama mtu aliyevuliwa kamba shingoni.

Khalayi alizunguka akishikashika nguo. Kulikuwa na fulana, sweta za hudi, kofia na jaketi za jinzi, na karibu zote zilikuwa na michoro. Alitarajia mafuvu na bunduki, kama zile alizowahi kuwanyang'anya wavulana wa kidato cha tatu. Badala yake aliona mtungi wa maji wa manjano, ngazi nyembamba za ghorofa, magari yaliyoinama kama lile lake, na kwenye hudi moja nyeusi, kibaraza cha juu chenye kamba ndefu ya nguo zilizoanikwa.

"Hizi nguo ni za nani?" aliuliza, kidole kikiwa juu ya ile kamba.

"Za mama. Hapo ni Huruma, tulikokulia, ghorofa ya juu kabisa. Nikitoka shule nilikuwa natambua nyumba yetu kwa hiyo kamba." Wachira alitabasamu. "Sasa amerudi shambani. Kila akinipigia simu anauliza kwa nini nimeanika nguo zake za ndani kwenye vifua vya watu."

Khalayi alicheka, kisha akakumbuka kilichomleta. Aliomba kuonyeshwa mahali kijana analala. Wachira hakushangaa, au aliificha vizuri. Alivuta pazia la chumba cha nyuma, akasimama kando huku mikono ameikunja mbele kama mwanafunzi. Khalayi aliinua godoro. Alichungulia chini ya kitanda, akakuta gia ya gari imefunikwa gazeti. Usukani mmoja ulitundikwa ukutani mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi ya wazazi. Chumba kilinuka sabuni na mafuta ya injini, na sakafu ilikuwa bado na unyevu.

"Umepiga deki leo?"

"Alfajiri."

"Kwa ajili yangu."

"Ndiyo, Shangazi."

Hakudanganya, na hilo alimwandikia kichwani. Lakini chumba kilichopigwa deki kwa ajili ya mgeni hakisemi mengi.

Walipokuwa wakitoka, mteja mmoja aliingia kwa fujo na kurusha hudi mezani. Mchoro ulikuwa umebanduka baada ya kufuliwa. Alisema duka lote ni la matapeli, akamwita Wachira majina ambayo Khalayi hakuyapenda. Wachira alikunjua hudi, akapitisha mkono juu yake, akasema kweli rangi haikushika, na kwamba angemtengenezea nyingine. Mteja alipotoka, Ochola alitoa kichwa kutoka chumba cha pili. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kunong'ona.

"Umeona, mathe? Jamaa ni mpole sana. Hata nzi hamuui."

"Nimeona," Khalayi akasema.

Alikuwa ameona, lakini moyo haukutulia. Yule mume wa Mirriam alikuwa mpole kwa wateja, kwa wazee wa kanisa, hata kwa mbwa wa jirani. Upole wa dukani ni wa watu wote. Khalayi alitaka kujua kinachobaki pazia likishafungwa, na hilo halikuwa jambo la kuonyeshwa mgeni mchana wa Jumapili. Alishika mkoba wake, akaona kwamba siku ilikuwa inampita naye bado hakuwa na jibu la kupeleka nyumbani.

"Sasa twende wapi?" aliuliza.

"Kuna mahali huwa tunakutana na magari, Donholm, tukishatoka kanisani. Lakini kuna kelele, Shangazi. Naweza kukupeleka mahali pengine, pa kutulia."

"Kama ndiko huwa unaenda, nipeleke huko."

Ulikuwa uwanja wa udongo mwekundu wa murram, karibu na mahali pa kuoshea magari, si mbali na barabara ya Outering. Magari yalikuwa yamepangwa safu mbili, boneti wazi, na watu walipita katikati wakitazama kama walivyo sokoni siku ya ng'ombe. Kulikuwa na Peugeot ya zamani iliyong'arishwa hadi ukajiona. Kulikuwa na gari dogo lililopakwa rangi ya nusu bluu nusu chungwa, na lingine ambalo taa zake zilikuwa na kope za plastiki. Katikati ya magari, vijana walikuwa wametundika nguo kwenye vyuma na kuuza, wakisalimiana niaje, poa, na kusifiana mavazi, umedunga fiti. Wengi walimfahamu Wachira. Waligonga ngumi naye, na walipomwona Khalayi walijinyoosha, wakavua kofia.

Mmoja wao, Burale, alikuwa na Probox iliyojaa spika kutoka viti vya nyuma hadi mlango. Alimwomba Khalayi aweke kiganja juu ya mlango, kisha akafungulia muziki kidogo tu. Mdundo ulipanda mkononi, ukamfika kwenye meno. Khalayi alitoa mkono upesi. Halafu akaurudisha.

"Tena," alisema, na Burale akacheka kwa furaha.

Ikawa saa nzuri kweli. Alionyeshwa injini zilizooshwa kwa mswaki, akaambiwa ni rangi gani inafifia kwa jua na ipi haififii, akanunuliwa soda. Alishangaa kwamba watu hawa, ambao picha moja ya mwenzao ilikuwa imesababisha kikao cha ukoo, walizungumza zaidi kuhusu sabuni ya kuoshea magurudumu.

Ndipo alipomwona yule mwanamke.

Alikuwa mrefu, nywele amezikata fupi kabisa, na aliuza kofia kutoka kwenye buti la Vitz nyeupe yenye magurudumu ya zambarau. Wachira alipokaribia, mwanamke aligeuza mgongo, akaanza kupanga kofia ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Naye Wachira akabadilisha njia, akamwongoza Khalayi kupita nyuma ya Peugeot, akisimulia jambo kwa haraka.

Khalayi alisimama. "Yule ni nani?"

"Nani?"

"Wachira. Mimi nimekaa na wavulana miaka mingi."

Kijana aliangalia raba zake. "Anaitwa Lydiah. Tulikuwa pamoja kabla ya Marion."

"Mbona hamsalimiani?"

"Ni hadithi ndefu."

"Basi naenda anihadithie yeye."

Uso wa Wachira uliisha rangi. "Shangazi, tafadhali," alisema kwa sauti ndogo.

Neno hilo lilimpenya Khalayi kama maji baridi. Alijiambia kwamba sasa amefika kwenye sanduku lenyewe, na kwamba halikuwa na kitu kizuri. Alivuka uwanja bila kuangalia nyuma, akiwa tayari anasikia jinsi angempa Marion habari hizo, na jinsi Marion angelia.

Lydiah alimwona akija na kumkaribisha kama mteja. "Sasa, mathe. Unataka ya kujikinga jua?"

"Sitaki kofia, mwanangu. Naitwa Khalayi. Natoka Kimilili. Mtoto wa kaka yangu anataka kuolewa na yule Wachira, nami nimetumwa kumwangalia. Nina swali moja, na ukinifukuza nitaenda bila kinyongo. Aliwahi kukupiga?"

Lydiah alianza kucheka. Kisha akautazama uso wa mwanamke aliyesimama mbele yake, akaacha.

"Mbona unauliza hivyo?"

"Dada yake mkubwa alivunjwa mkono na mume wake. Mume ambaye sote tulimshangilia."

Lydiah alisogeza kofia, akapangusa ukingo wa buti kwa kiganja. "Keti hapa."

Waliketi bega kwa bega, migongo ikiwa kwenye kofia.

"Ile gari yake nyekundu si ya kwanza," Lydiah akaanza. "Ya kwanza ilikuwa ya bluu. Aliijenga miaka, kipande kwa kipande, hata kula alikuwa anakula vibaya kwa sababu yake. Mimi nikamsumbua anifundishe kuendesha. Hakutaka. Nikamsumbua mpaka akakubali, halafu siku moja nikaichukua peke yangu, hajui. Nikaiingiza kwa nguzo ya stima. Mbele yote ikaisha."

"Uliumia?"

"Kidogo tu, hapa kwa paji. Nikampigia. Akakuja na boda. Mathe, mimi nimelelewa kwa nyumba ya kupigwa. Najua vile mtu hutembea akija kukupiga. Nikajua leo ni leo. Alipofika karibu nikafunika uso hivi." Alinyanyua mikono yote miwili mbele ya macho, akaishikilia hapo kidogo, kana kwamba bado yuko kando ya barabara ile. "Akanitoa mikono polepole. Akaniangalia kichwa. Akaniuliza kama naona vizuri, kama nasikia kizunguzungu, kama nimekula. Halafu akaenda akakaa chini kando ya barabara, akalia."

"Alilia?"

"Kama mtoto. Wanaume wanapita wanamcheka, hajali. Alilia mpaka gari la kuvuta likaja."

Mahali fulani injini iliwashwa, ikanguruma, ikazimwa.

"Sasa kwa nini hamsalimiani?"

"Kwa sababu alininunia." Sauti ya Lydiah ilipanda kwa mara ya kwanza. "Hapo ndipo alinikosea. Mwezi wote hanisemeshi vizuri. Ukimwuliza ameamkaje, anashusha pumzi. Ukiweka chai, anaangalia dirishani pale gari ilikuwa inasimama. Siku moja nikamwambia, heri ungenipiga kofi tumalize. Akashtuka. Akaniambia nisiwahi kusema hivyo tena, si kwake, si kwa mtu mwingine. Lakini kesho yake akaendelea kununa. Nikachoka. Nikaenda, nikajifunza kuendesha, nikanunua yangu." Alipiga Vitz kofi dogo la mapenzi. "Mimi ndiye sitaki kumsalimia. Yeye ana haya tu."

Alichukua kofia moja, akaipindapinda.

"Ukiniuliza kama ni bwana mzuri, sijui. Anachelewa kila mahali. Anaongea na gari. Raba zake zinanuka. Lakini hiyo kitu umekuja kuuliza, hapana. Sijawahi kumwogopa. Isipokuwa ile siku moja, na hata hiyo hakunigusa vibaya."

Khalayi aliangalia mkono wake, akaona vidole vimeshika mkanda wa mkoba kwa nguvu hivi kwamba ngozi ilikuwa imekatwa alama. Alivifungua kimoja kimoja. Kifua kikafunguka pamoja navyo. Alipumua kutoka chini kabisa, mara moja, mara mbili, kisha akaanza kucheka bila kelele, mabega yakitikisika, na ilibidi atoe leso.

"Uko sawa, mathe?"

"Niko sawa. Niko sawa kabisa, mwanangu."

Alimkuta Wachira ameketi chini, mgongo kwenye gurudumu la gari lake jekundu. Ochola alikuwa amefunga duka na kuja, akasimama kando yake kama mtu aliyeitwa matangani.

"Amekuambia nini?" Wachira aliuliza.

"Amesema unachelewa."

"Ni kweli."

"Na kwamba raba zako zinanuka."

"Hiyo si... Sawa. Na nini kingine?"

"Ameniambia kuhusu gari la bluu."

Wachira aliinamisha kichwa. "Nilimfanyia vibaya. Alikuwa ameumia, nami nikanunia bati. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini kila nikimkaribia nasikia haya. Nilijua ukimwuliza, atakuambia vile nilivyokuwa mbaya, na ningekuwa sina la kusema."

Hicho ndicho alichokuwa akikiogopa kijana tangu asubuhi, na pengine kwa miezi mingi kabla yake: kununa kwake. Khalayi alihisi kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba uvimbe ni jipu.

"Inuka," alisema. "Nenda ukamwombe msamaha sasa. Akikataa, angalau utakuwa umesema. Ukirudi nitakuambia jambo jingine."

Alienda. Khalayi na Ochola walimtazama kutoka mbali. Lydiah alimsikiliza mikono kifuani, akasema maneno machache, kisha akampiga begani kwa kofia, si kwa nguvu sana. Aliporudi, Wachira alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Jambo jingine ni hili," Khalayi akasema. "Marion naye hununa. Tangu utotoni. Mkianza wote wawili mtakaa ndani kama mabubu. Lazima mmoja wenu ajifunze kusema."

"Nitajifunza mimi."

Ochola alishindwa kujizuia. "Ina maana amepita, mathe?"

"Wewe nyamaza, shati lako ni baya," Khalayi akasema, lakini alikuwa anatabasamu, na Wachira alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo.

Marion alifika jua likiwa bado juu, koti jeupe la kazi akiwa amelikunja mkononi. Alimtazama shangazi yake kwanza. Kisha akamtazama Wachira, akaona macho mekundu, akauliza kumetokea nini. Wachira, ambaye alikuwa ameahidi kujifunza kusema muda mfupi uliopita, alimwambia yote: Lydiah, nguzo ya stima, gari la bluu, mwezi wa kununa.

"Kwa hivyo Shangazi amejua kabla yangu?" Marion akasema.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

"Siku nzuri? Tumeongea habari za harusi, tumechagua hata wimbo, na wewe unatafuta siku nzuri?"

Khalayi alijitenga kidogo. Alinunua chipsi kwa kijana aliyezikaanga kwenye karai, akapata kiti cha plastiki kando ya Probox ya Burale, akaketi. Kutoka pale aliwaona vizuri. Marion alikuwa amesimama karibu kabisa na Wachira, kidole chake kikimgonga kifuani kila neno. Hakurudi nyuma hata hatua. Hakupunguza sauti, wala hakuchungulia mikono ya Wachira kama Mirriam alivyokuwa akichungulia mikono ya kila mwanamume tangu arudi nyumbani. Alikuwa amekasirika tu, kama mtu yeyote anavyokasirika, na hakuwa na wasiwasi wowote.

Khalayi alitoa simu, akampigia kaka yake.

"Ni kelele gani hiyo?" Mukhwana aliuliza kabla ya salamu.

"Ni mtoto wako. Anamgombeza Wachira."

"Na yeye anafanya nini?"

"Anasikiliza." Khalayi alitia chipsi mdomoni. "Sasa anajibu."

"Anajibu vibaya?"

"Anajibu kama mtu."

Khalayi alisikia kuku wa nyumbani kwao kwa mbali, na mlango ukifungwa na upepo.

"Na ule moshi?"

"Haukuwa wake. Injini ni ndogo."

"Mm." Mukhwana alishusha pumzi ndefu, na Khalayi alitambua kwamba yeye pia alikuwa ameishikilia tangu simu ya kwanza ya Marion. "Waambie basi waje Agosti, mahindi yakiwa tayari."

"Nitawaambia wakimaliza," Khalayi akasema, akaendelea kula.